Hukumu ya Pistorius: swali la "alijua ni Reeva?" ndilo lililotupotezea muda

#1 – Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi kwenye uzi mwingine kabisa jina la Oscar Pistorius, mkimbiaji wa Afrika Kusini aliyempiga risasi na kumuua mpenzi wake Reeva Steenkamp, lilitajwa, na kabla ya nusu saa watu walishagawanyika kambi zilezile mbili za mwaka 2014: "alijua ni mpenzi wake, akamuua makusudi" na "maskini, alidhani ni jambazi". Miaka yote hii hatujasogea hata hatua. Nimeona nianzishe uzi wake, maana jambo hili nililishuhudia kwa karibu na halijawahi kunitoka rohoni.

Kipindi hicho nilikuwa Pretoria, naosha vyombo kwenye jiko la hoteli. Runinga hatukuwa nayo, tulikuwa na redio imekaa juu ya rafu ya sahani, imejaa mvuke na mafuta. Kesi ilianza tarehe 3 Machi 2014, na Jaji Dunstan Mlambo alikuwa ameruhusu irushwe moja kwa moja. Basi ikawa kila siku tunaosha masufuria huku mtu anahojiwa kwa nini aliua. Mpishi wa mboga alikuwa mama mmoja wa Limpopo, mtu mzima, tukimwita Mma kama wanavyomwita mama wa heshima kule kwao. Huyo ndiye aliyenifundisha kuisikiliza kesi. Wengine tulikuwa tunasikiliza kama mpira.

Kwa vijana ambao mlikuwa bado shule ya msingi: alfajiri ya tarehe 14 Februari 2013, nyumbani kwake Silver Woods, mashariki mwa Pretoria, Pistorius alifyatua risasi nne za bastola ya milimita 9 kwenye mlango wa choo uliofungwa kwa ndani. Ni yule mkimbiaji aliyekatwa miguu yote miwili chini ya magoti akiwa mtoto, aliyekimbia Olimpiki ya London 2012 na watu wenye miguu yao. Ndani ya choo alikuwa Reeva Steenkamp, miaka 29, mwanamitindo, ana shahada ya sheria. Risasi tatu zilimpata: nyonga, mkono, kichwa.

Utetezi wake: alisikia dirisha la bafuni linafunguka, hakuwa amevaa miguu ya bandia, akadhani mtu kaingia, akapatwa na hofu, akapiga. Upande wa mashitaka: waligombana, Reeva akakimbilia chooni akajifungia, akauawa humohumo. Majirani wakaja kusema walisikia mwanamke anapiga kelele. Upande wa utetezi ukasema kelele zile ni za Pistorius mwenyewe, akiwa na hofu sauti yake hupanda. Mlango wenyewe ukaletwa mahakamani, wenye matundu yake manne na ubao uliopasuliwa kwa gongo la kriketi alipokuwa anauvunja kumtoa.

Alhamisi ya tarehe 11 Septemba 2014 Jaji Thokozile Masipa akaanza kusoma. Alisoma polepole, sauti ya chini, mpaka mpishi mkuu akazima feni ya jikoni ili tusikie. Akasema mashitaka ya kuua kwa kupanga hayajathibitishwa. Akaenda mbele akasema mshitakiwa hakuona kwamba risasi zile zingemuua aliyekuwa nyuma ya mlango, seuze marehemu, kwa kuwa aliamini marehemu yuko kitandani. Kesho yake ndiyo akamaliza: hana hatia ya kuua kwa kukusudia, ana hatia ya kuua bila kukusudia.

Jikoni palilipuka. Kijana mmoja wa Soweto anasema fedha imesema. Mwingine anasema jaji kafuata sheria, ushahidi wa kupanga haukuwepo. Mimi nilikuwa upande wa "alidhani ni mwizi", na ninalisema hili bila kujificha. Nilikuwa nimeishi Sunnyside, mtaa wa hapohapo Pretoria, miaka miwili, nimeshaibiwa mara mbili, hofu ya usiku naijua.

Mma hakuwa upande wowote. Aliendelea kukata karoti, akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu maneno ambayo mpaka leo nayasikia: kwani ndani ya choo kulikuwa na mtu au hakukuwa na mtu?

Nikamwambia, Mma, alidhani ni mwizi. Akasema: mwizi si mtu?

Nilimwona kama mama mkubwa asiyeelewa mambo ya mahakama. Mwaka mmoja na miezi mitatu baadaye, tarehe 3 Desemba 2015, majaji watano wa Mahakama ya Juu ya Rufani kule Bloemfontein walisema, kwa lugha ya kisheria na kwa kauli moja, kitu kilekile alichosema Mma na kisu cha mboga mkononi. Walisema swali la kama alijua ni Reeva halina uzito. Mtu ukipiga risasi nne, za aina inayopanuka ikiingia mwilini, kwenye chumba kidogo cha choo ambacho aliyemo hana pa kukimbilia wala pa kujificha, unajua kwamba aliyemo anaweza kufa. Nani aliyemo si hoja. Hatia ikabadilishwa ikawa ya kuua kwa kukusudia.

Ndipo nilipoona kwamba sisi wote, kambi zote mbili, tulikuwa tunabishania jina la aliyekufa. Kambi ya kwanza inasema ni uovu kwa sababu alikuwa mpenzi wake. Kambi ya pili inasema si uovu sana kwa sababu alidhani ni mtu mwingine. Zote zimekubaliana kimyakimya kwamba yule "mtu mwingine" angekuwepo, hapana shida. Hilo ndilo linalonitisha kuliko bastola.

Karibuni tujadiliane, ila kwa adabu. Kuna binti wa watu aliyekufa hapa.

#2 – Mchangiaji

Mkuu umeandika vizuri ila naomba nikupinge. Wewe ulikaa Afrika Kusini, unajua nyumba za kule: ukuta, nyaya za umeme, mbwa, mlinzi getini, na bado watu wanaingiliwa ndani usiku na kuuawa vitandani. Mtu hana miguu, ni saa tisa usiku, anasikia dirisha. Wewe unataka akae atafakari kwamba huyu naye ni binadamu? Hofu haina darasa. Jaji Masipa aliliona hilo, wale watano wa Bloemfontein walikaa kwenye viti vyao wakahukumu hofu ya mtu kwa utulivu.

#3 – Mleta uzi

Ndugu yangu, hofu siibezi hata kidogo, ndiyo maana nimekiri nilikuwa upande wako. Lakini angalia alichokifanya na hofu yake. Alichukua bastola chini ya kitanda, akapita kwenye korido kuelekea bafuni. Yaani aliifuata hatari. Hakupiga hata risasi moja ya kuonya. Mlango umefungwa, hakuna aliyetoka, hakuna aliyemwelekezea silaha, hajamwona mtu. Majaji wa rufani walisema hilo waziwazi: hakujua nani yuko nyuma ya mlango na hakujua kama huyo mtu ni hatari kwake. Halafu zikapigwa nne. Ya kwanza naweza nikakupa, tuseme kidole kiliteleza. Ya pili, ya tatu na ya nne je?

Tena mahakamani alibadilika-badilika. Mara alipiga kwa kujihami, mara bastola ilifyatuka bila kufikiri. Hata Masipa aliyempunguzia alisema hakuwa shahidi mzuri, alikuwa anakwepa maswali.

#4 – Mchangiaji

Naomba niingie kidogo kwa upande wa sheria, maana hapa ndipo wengi mnapopishana bila kujua.

Sheria ya Afrika Kusini haihitaji uwe umepanga wala uwe umemchukia mtu ndipo iitwe kuua kwa kukusudia. Wana kitu wanakiita kwa Kilatini *dolus eventualis*. Maana yake: umeona mbele kwamba kitendo chako kinaweza kuua, ukakubaliana na hilo moyoni, ukaendelea. Hebu fikiria hema porini usiku, ndani taa inawaka, kivuli kinatembea. Mtu anamimina risasi kwenye turubai. Hamjui aliyemo, hana ugomvi naye. Akija kusema "sikukusudia kumuua huyu", jibu ni kwamba ulijua unaweza kuua yeyote aliyemo, na ukaendelea.

Kosa alilofanya Masipa, kwa mujibu wa Jaji Lorimer Leach aliyeandika hukumu ya rufani, ni kuliuliza swali vibaya. Aliliuliza kwa kumzunguka Reeva: je, mshitakiwa aliona mbele kwamba Reeva yuko chooni? Jibu likawa hapana, kwa kuwa aliamini yuko kitandani. Swali lilitakiwa liwe: je, aliona mbele kwamba kuna mtu na huyo mtu anaweza kufa? Jibu hapo ni ndiyo, tena Pistorius mwenyewe alisema alijua kuna mtu mle ndani, ndicho alichokuwa anakiogopa.

Ndiyo maana nasema utetezi wake ndio uliomfunga. Alivyozidi kusisitiza "nilidhani kuna mtu", ndivyo alivyozidi kukubali kwamba alipiga mtu.

Na kwa wanaosema "baraza la wananchi lilinunuliwa": kule hakuna hiyo kitu. Mfumo wa wananchi kuamua hatia walishaufuta mwaka 1969. Anaamua jaji, na kwenye kesi hii alikaa na wazee wa baraza wawili, na wote watatu walikubaliana.

#5 – Mchangiaji

Shukrani kwa elimu, mkuu. Lakini kuna kisa kinanisumbua na sijawahi kupata jibu. Mwaka 2004, hukohuko Afrika Kusini, mchezaji wa zamani wa Springboks, timu yao ya taifa ya raga, aliamka alfajiri akaona gari la nyumbani linatoka. Akadhani linaibwa. Akapiga risasi moja kutoka dirishani. Aliyekuwa anaendesha ni binti yake wa miaka 19. Akafa. Yule baba hakufungwa. Waendesha mashitaka waliona ameshaadhibika vya kutosha, likaishia hapo, na nchi nzima ililia naye. Sasa kwa hoja ya Mma wako, mwizi wa gari si mtu?

#6 – Mleta uzi

Hiki kisa kilizungumzwa sana mwaka 2013, tena mashabiki wa Pistorius ndio waliokitumia kama ngao. Nami nilikitumia.

Nitakujibu kwa uaminifu: kwa hoja ya Mma, ndiyo, mwizi wa gari naye ni mtu, na gari si sababu ya kumtoa mtu roho. Yule baba namhurumia mpaka mwisho, sidhani kuna jela inayofikia kuamka kila siku ukijua ulichofanya. Lakini tazama tulivyolia. Tulilia kwa kuwa alikuwa binti yake. Angekuwa kijana wa mtaani kweli, amekaa kwenye usukani wa gari la watu, risasi ya kichwa alfajiri, nani angemjua leo? Pengine wangempongeza mwenye nyumba.

Kama sheria ilikosea, basi ilikosea kwenye kisa kile. Haiwezekani kosa la 2004 liwe ruhusa ya 2013.

#7 – Mchangiaji

Mimi nipo upande wa uamuzi wa rufani, ila kama mwanamke nina neno kuhusu Jaji Masipa, maana humu na kwingineko mama yule alitukanwa vibaya mno na nasikia bado anatukanwa.

Baada ya hukumu ya Septemba 2014 alitishiwa mpaka akawekewa ulinzi wa polisi. Wakasema kahongwa, wakasema mwanamke gani huyu anayemwachia muuaji wa mwanamke mwenzake. Hawajui historia yake. Ni mtoto wa Soweto, alikuwa mwandishi wa habari enzi za ubaguzi, akakamatwa kwenye maandamano. Sheria aliisoma akiwa mtu mzima, akaanza uwakili miaka ya tisini mwanzoni akiwa na umri wa zaidi ya miaka arobaini. Mwaka 1998 akawa mwanamke mweusi wa pili kuteuliwa jaji wa Mahakama Kuu kule.

Na mwaka 2009 alimfunga maisha askari polisi aliyempiga risasi mkewe waliyekuwa wametalikiana, kwenye ugomvi wa kugawana mali. Alimwambia usoni kwamba yeye si mlinzi, ni muuaji. Huyo ndiye jaji mnayesema hana uchungu na wanawake.

Alikosea sheria kwenye kesi hii, mahakama ya juu ikamrekebisha, na ndivyo rufaa inavyotakiwa kufanya kazi. Kukosea kwenye hoja ngumu ya sheria si kuhongwa. Jamani tumwekee mama heshima yake.

#8 – Mleta uzi

Dada, hapo umenigusa na nakuunga mkono kwa moyo wote. Siku ile jikoni maneno yaliyosemwa juu ya Masipa siwezi kuyaandika hapa, na mimi nilikaa kimya kwa sababu hukumu ilinifurahisha.

Ila na wewe nikuulize kuhusu Julai 2016, kwenye adhabu. Bloemfontein walishasema hii ni kuua kwa kukusudia. Kiwango cha chini kisheria ni miaka 15 labda kuwe na sababu nzito. Faili likarudi kwake, akatoa miaka 6. Hapo ulimwelewa?

#9 – Mchangiaji (wa #7)

Hapo sikumwelewa, kaka. Nakubali. Naona huruma ilimzidi. Alikuwa amemwona Pistorius akitembea mbele ya mahakama bila miguu ya bandia, wakili wake Barry Roux alimwomba afanye vile ili jaji aone jinsi alivyokuwa usiku ule. Mtu anayumba, anashika meza. Ukiona kitu kama kile kwa macho yako si rahisi.

Lakini kuna mwingine aliyesimama siku hizohizo. Baba yake Reeva, mzee Barry Steenkamp, alitoa ushahidi akitetemeka. Alikuwa mgonjwa wa kisukari. Alisema alichukua sindano yake ya insulini akawa anajichoma tumboni na mikononi, ili aone kama anaweza kuhisi maumivu aliyoyahisi binti yake. Mimi nilikuwa nanyonyesha wakati ule, nikazima runinga.

Kwangu miaka 6 ilishindwa kumsikia yule mzee. Novemba 2017 Mahakama ya Rufani ikasema adhabu ile ni nyepesi kupita kiasi, ikaipandisha mpaka miaka 15, ukitoa aliyokwisha kutumikia ikabaki 13 na miezi 5.

#10 – Mchangiaji

Mimi naona mnazunguka jambo kubwa. Hizi kelele zote ni kwa sababu muuaji alikuwa staa na marehemu alikuwa mrembo wa kwenye mabango. Wiki mbili kabla ya Reeva kuuawa, msichana wa miaka 17, mtoto wa masikini wa Bredasdorp, alibakwa na kuachwa amejeruhiwa kwa namna isiyosemeka kwenye eneo la ujenzi. Alifariki siku hiyohiyo. Kesi yake ilimalizika mwaka huohuo 2013, mtuhumiwa akapewa vifungo viwili vya maisha. Nani hapa anaijua hukumu ile? Nani aliifuatilia? Hakuna kituo cha runinga kilichofunguliwa kwa ajili yake, ila cha Pistorius kilifunguliwa, saa 24.

#11 – Mchangiaji (wa #7)

Mimi naijua. Na Reeva naye aliijua. Siku nne kabla hajauawa aliandika kwenye mtandao kuhusu msichana huyohuyo: kwamba yeye ameamka kwenye nyumba salama yenye furaha, si kila mtu aliyeamka hivyo. Alikuwa anahimiza watu wavae nyeusi kumkumbuka. Na siku ile ya tarehe 14 alikuwa amepangiwa kwenda kuzungumza na wanafunzi wa sekondari moja Johannesburg juu ya unyanyasaji.

Kwa hiyo usiwagombanishe, ndugu yangu. Mmoja alikuwa anamlilia mwenzake.

#12 – Mchangiaji (wa #10)

Hilo sikulijua dada. Nimenyamaza.

#13 – Mchangiaji (wa #2)

Naendelea kubisha kidogo. Ujumbe wa simu mmeusahau. Mnasema swali la "alijua?" halina maana, lakini mahakamani ulisomwa ujumbe wa Reeva akimwambia Pistorius kwamba wakati mwingine anamwogopa, anavyomfokea. Kama swali halina maana, ujumbe ule uliletwa wa nini? Ninyi mmeamua kumtoa kwenye ugomvi wa mapenzi ili hoja yenu inyooke.

#14 – Mleta uzi

Hili ni pigo zuri na ninalipokea, maana ndipo penye ugumu hasa.

Swali halina uzito kwa hatia. Hatia ya kuua kwa kukusudia inasimama hata kama kila neno la Pistorius lilikuwa kweli tupu. Hicho ndicho ninachosema. Lakini kwa wazazi wa Reeva swali lile lina uzito wote wa dunia, na mama yake, June, mpaka leo anasema haamini habari ya jambazi. Ana haki hiyo. Mama anataka kujua dakika ya mwisho ya mwanawe ilikuwaje, na mtu pekee anayejua ndiye aliyeshika bastola.

Ujumbe ule Jaji Masipa aliuweka pembeni. Alisema mahusiano ya watu yanabadilika, leo hivi kesho vile, na upande wa pili kulikuwa na ujumbe mwingi wa mapenzi. Tena Reeva alikuwa amemwachia kadi ya siku ya wapendanao, ndani kaandika kwamba leo anaona ni siku nzuri ya kumwambia anampenda. Mimi kwa kweli nikisoma "wakati mwingine nakuogopa" siwezi kusema ni jambo la kupanda na kushuka tu. Mwanamke akiandika hivyo, hata kwa herufi za haraka haraka, ameshafikiria mara nyingi kabla hajaandika. Nina dada zangu. Hapo sikubaliani na jaji.

Lakini ushahidi wa kumtia mtu hatiani kwa kupanga haukutimia, na sipendi nchi ambayo watu wanafungwa kwa hisia zangu mimi. Ndiyo uzuri wa hukumu ya Desemba 2015. Ilifikia haki bila kujifanya imeingia chumbani kwao usiku ule. Ilisema: tuchukue maelezo yako wewe mwenyewe, yote, na bado umeua mtu kwa kukusudia.

#15 – Mchangiaji

Nimeusoma uzi wote. Kwa hiyo sasa yuko nje? Mbona naona kama kifungo hakijaisha.

#16 – Mchangiaji (wa #4)

Yuko nje kwa parole, yaani kuachiwa kwa masharti kabla kifungo hakijaisha, tangu Ijumaa ya tarehe 5 Januari 2024. Machi 2023 alikataliwa, wakasema hajatimiza muda. Baadaye ikaonekana siku zilihesabiwa vibaya, akasikilizwa upya Novemba 2023, akakubaliwa. Kifungo kinaisha Desemba 2029, mpaka hapo yuko chini ya uangalizi: hanywi pombe, hazungumzi na waandishi wa habari, anahudhuria mafunzo ya kudhibiti hasira na ya ukatili dhidi ya wanawake. Mzee Barry Steenkamp hakuiona siku hiyo, alifariki Septemba 2023. Ila mwaka 2022 yeye na Pistorius walikutanishwa ana kwa ana, kule ni sehemu ya utaratibu kabla ya parole.

#17 – Mchangiaji

Basi ametumikia, mwacheni aishi. Mama wa marehemu mwenyewe alishasema amemsamehe. Nyie ni nani mumng'ang'anie?

#18 – Mleta uzi

Hakuna anayemng'ang'ania, ndugu. Sheria imemtoa kwa utaratibu wake na mimi siipingi. Lakini usimtumie mama June nusu nusu. Ni kweli amesamehe. Siku anatoka yule, mama huyohuyo alisema pia kwamba haki haiwezi kuwepo pale ambapo mpendwa wako harudi, na kwamba waliobaki ndio wanaotumikia kifungo cha maisha. Yote mawili ameyasema yeye. Msamaha ni wake kuutoa, si wetu kuuchukua na kumfungia mdomo nao.

Na kwa aliyeuliza faraghani kama bado nawasiliana na Mma: ndiyo. Amestaafu, amerudi kwao Limpopo. Ile Ijumaa nilimpigia, nikamwambia Pistorius katoka. Nilitarajia aniambie yamekwisha, au anikumbushe jinsi nilivyobishana naye jikoni. Hakusema lolote kuhusu Pistorius. Aliniuliza yule msichana angekuwa na miaka mingapi sasa. Nikapiga hesabu, alizaliwa Agosti 1983. Nikamwambia arobaini, Mma.

Akasema, arobaini. Kisha akaniuliza habari za watoto wangu.

#19 – Mchangiaji (wa #2)

Mkuu, sijabadilika kote. Hofu naijua na nitaitetea. Lakini lile la risasi ya pili, ya tatu na ya nne nimelala nalo jana, na sina jibu.